HAKI HAINA SIKU SITINI

Tarehe 25 Februari 2025 Mahkama ya Juu ya Marekani ilibatilisha hukumu ya mtu mmoja wa jimbo la Oklahoma, aitwaye Richard Glossip, ambaye alikwisha pangiwa siku ya kuuawa si mara moja wala mbili bali mara tisa, na mara tatu katika hizo alikwisha letewa chakula chake cha mwisho. Yumkini wasomaji wetu waliisikia khabari hii wakaiacha ipite, wakisema hayo ni mambo ya Wamarekani wenyewe na jela zao. Sisi tunaona kwamba imebeba jambo linalomhusu kila mtu mwenye ndugu au jirani nyuma ya ukuta wa jela, nasi twaomba tuieleze kwa kituo.

Kwanza tufahamiane juu ya jambo lenyewe. Mtu akishitakiwa kwa jinai akatiwa hatiani, ana haki ya kukata rufaa. Rufaa hiyo huangalia yaliyomo ndani ya jalada: ushahidi uliotolewa, maneno ya jaji, hoja za mawakili. Lakini je, ikiwa dhulma yenyewe haimo ndani ya jalada? Ikiwa shahidi aliapa uwongo, na mshitaki wa Serikali akajua akanyamaza? Ikiwa wakili wa mshitakiwa hakufanya kazi yake? Ikiwa karatasi ilifichwa ndani ya sanduku na haikuonekana ila baada ya miaka ishirini? Hapo rufaa ya kawaida haifai kitu, kwani haiwezi kuliona lisiloandikwa. Kwa ajili hiyo Wamarekani wameweka mlango mwengine nyuma ya ule wa rufaa: mfungwa hupeleka ombi la kutaka hukumu yake ifunguliwe na kuangaliwa upya. Ombi hilo likikataliwa, hukata rufaa juu ya kukataliwa huko. Hiyo ndiyo rufaa ya mwisho kabisa, na ndiyo tunayoizungumza leo.

Kwa jina mlango huo ni mpana; kwa vitendo ni tundu la sindano. Tarehe 19 Aprili 1995 jengo la Serikali mjini Oklahoma City liliripuliwa kwa bomu wakafa watu 168. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kupambana na ugaidi na kuiharakisha adhabu ya kifo. Ghadhabu ya watu ilikuwa kubwa na ilikuwa na haki yake. Lakini sheria iliyotungwa katika ghadhabu haikuwakamata waripuaji peke yao. Iliwapa wafungwa wote wa majimbo mwaka mmoja, tangu hukumu zao kuwa za mwisho, wa kupeleka maombi yao katika mahkama za shirikisho. Na ombi likikataliwa, mfungwa hana ruhusa ya kukata rufaa mpaka apate hati ya jaji kwamba rufaa yake yastahiki kusikilizwa. Yaani yampasa aombe ruhusa ya kuomba. Na wakili je? Mwaka 1987 Mahkama ya Juu iliamua kwamba Katiba haimpi mfungwa haki ya kupewa wakili kwa maombi ya namna hii, na mwaka 1989 ikaongeza kwamba hata aliyehukumiwa kufa hana haki hiyo. Basi mtu ambaye pengine hakumaliza skuli anatakiwa aandike kutoka ndani ya chumba cha jela hoja ambazo mawakili wa miaka ishirini huzipotea.

Matunda ya utaratibu huo tumeyaona. Mfungwa mmoja wa Ohio, Keith Bowles, aliyetiwa hatiani kwa kosa la kuua, ombi lake lilikataliwa, na muda wake wa kukata rufaa ukampita. Mwezi wa Februari 2004 jaji akamfungulia muda upya. Sheria inatoa siku 14. Jaji, kwa kosa lake mwenyewe, akahesabu siku 17 na kuandika kwamba mwisho ni 27 Februari. Bowles akapeleka rufaa yake tarehe 26, siku moja kabla ya mwisho aliopewa kwa mkono wa mahkama. Mwaka 2007 Mahkama ya Juu ikaamua, majaji watano dhidi ya wanne, kwamba amechelewa siku mbili, na kwa hiyo hakuna mahkama yenye uwezo wa kumsikiliza. Jaji Souter, aliyekuwa miongoni mwa wale wanne, aliona haistahamiliki mahkama kuwafanyia watu hivyo. Nasi twauliza: aliyeitii amri ya jaji akaadhibiwa kwa kuitii, atamtii nani tena?

Wako watakaotujibu kwamba wengi wa hawa ni wakosa kweli, na kwamba kuwafungulia mlango ni kuwachezea waliodhulumiwa. Hatuikimbii hoja hiyo. Tutatoa mfano ambao unawafaa wao kuliko sisi. Roger Coleman wa Virginia alihukumiwa kufa kwa kumnajisi na kumuua shemegi yake. Alipokataliwa ombi lake katika mahkama za jimbo, mawakili wake walipeleka taarifa ya rufaa siku tatu baada ya muda. Siku tatu, na kosa si lake. Mwaka 1991 Mahkama ya Juu ikasema kwamba kwa kuchelewa huko mlango wa mahkama za shirikisho nao umefungwa kwake. Mwaka 1992 akauawa, akisema mpaka mwisho kwamba hakufanya. Mwaka 2006 gavana wa Virginia aliamuru vipimo vipya vya vinasaba, na vipimo vikaonesha kwamba kweli alikuwa ndiye. Watu wengi waliomtetea waliona haya. Sisi hatuoni kwamba jambo hilo linaitakasa ile hukumu ya siku tatu. Ukweli ulipatikana kwa kutazamwa ushahidi, nao ulipatikana miaka 14 baada ya maziko. Lau mahkama ingeutazama mwaka 1991, Virginia ingalimuua kwa ujuzi. Badala yake ilimuua kwa kubahatisha, ikatokea kuwa imebahatika.

Sasa tuje kwa Glossip. Mwezi wa Januari 1997 mwenye hoteli moja ndogo ya mjini Oklahoma City aliuawa chumbani kwa kupigwa gongo la mchezo wa besiboli. Aliyempiga alijulikana na alikiri: kijana wa miaka 19 aliyekuwa akifanya kazi za matengenezo hotelini hapo. Glossip alikuwa meneja. Kijana akasema kwamba meneja ndiye aliyemtuma, kwa ahadi ya fedha. Kwa ushahidi huo kijana akaepushwa na kifo akapewa kifungo cha maisha; na Glossip, ambaye hapana aliyesema kwamba alimpiga marehemu hata pigo moja, akahukumiwa kufa mwaka 1998. Hukumu hiyo ilivunjwa mwaka 2001 kwa kuwa wakili wake hakumtetea inavyopasa. Akashitakiwa tena mwaka 2004, na kwa mara ya pili akahukumiwa kufa. Hatusemi kwamba mtu huyu alikuwa malaika. Mwenyewe aliwaficha polisi mambo aliyoyajua siku ile, na kuficha katika jambo la roho ya mtu si kosa dogo. Lakini kuficha ni kosa moja na kumtuma mtu kuua ni kosa jengine, na hili la pili lilisimama juu ya ulimi wa mtu mmoja.

Katika kesi ya 2004 kijana aliulizwa juu ya dawa aliyopewa jela, iitwayo lithiamu. Alijibu kwamba aliomba dawa ya mafua akapewa hiyo, hajui kwa nini, na kwamba hakupata kuonana na daktari yeyote wa maradhi ya akili. Ukweli ni kwamba daktari wa maradhi ya akili alimwona na akamwandikia dawa hiyo. Mwezi wa Januari 2023 Serikali ya Oklahoma ilitoa sanduku la karatasi ambazo mawakili wa Glossip walikuwa hawajaoneshwa kwa miaka yote ile. Ndani yake mlikuwa na maandishi ya mkono ya mshitaki wa kesi, yakitaja lithiamu na jina linalokaribiana na la daktari huyo. Nini maana ya maandishi hayo, watu walibishana, na tutalieleza hilo. Lakini tangu mwaka 1959, katika kesi ya Napue dhidi ya jimbo la Illinois, sheria ya Marekani ni hii: mshitaki akijua kwamba shahidi wake amesema uwongo, ni wajibu wake kuusahihisha, hata kama uwongo huo unahusu tu kuaminika kwa shahidi na si tendo lenyewe la kuua.

Ndipo likatokea jambo lililo nadra katika nchi yoyote. Mwanasheria Mkuu wa Oklahoma, Gentner Drummond, aliyeshika kazi mwezi huo huo wa Januari 2023, ni mtu anayeiunga mkono adhabu ya kifo, na kazi yake ni kuzitetea hukumu za jimbo lake. Aliteua mtu wa nje aichunguze kesi. Na alipoyasoma matokeo akaiendea Mahkama ya Rufaa ya Jinai ya Oklahoma akakiri kwamba upande wa Serikali ulikosa, na kwamba mtu huyu apewe kesi mpya. Mfungwa anaomba, na aliyemfunga anaomba pamoja naye. Nani basi aliyebaki kupinga? Waliobaki ni majaji. Tarehe 20 Aprili 2023 walilikataa ombi. Walisema kwamba jambo hili lingeweza kuletwa mapema, kwamba halikutimiza masharti ya sheria ya jimbo juu ya maombi yanayokuja baada ya lile la kwanza, na kwamba kukiri kwa Mwanasheria Mkuu hakuna msingi wa sheria wala wa ukweli. Wiki haikutimia, Bodi ya Misamaha nayo ikagawanyika wawili kwa wawili. Mjumbe wa tano alijitoa kwa sababu mkewe alikuwa mshitaki katika kesi ile ile. Kura zikiwa sawa, msamaha hakuna. Siku ya kuuawa ilikuwa imewekwa 18 Mei.

Tunapenda msomaji asimame kidogo katika neno hilo, lingeweza kuletwa mapema. Karatasi zilikuwa mikononi mwa Serikali. Sanduku lilikuwa chini ya kufuli ya Serikali. Mfungwa alikuwa katika jela ya Serikali. Kisha aambiwe kwamba alikawia kuyasema yaliyokuwa ndani ya sanduku ambalo hakuoneshwa! Kanuni za mahkama hiyo zinataka ombi la baadaye lipelekwe ndani ya siku 60 tangu jambo jipya kugunduliwa, na sheria ya jimbo inataka tena lionekane kuwa ni jambo lisilokuwa na njia ya kujulikana kabla. Hatukatai kwamba mahkama yahitaji mpaka fulani, kwani watu wako wanaoleta maombi ishirini ya jambo moja. Lakini mpaka uliowekwa kuwazuia wasumbufu umetumiwa kumzuia mtu ambaye mshitaki wake mwenyewe amekuja kumsemea.

Tarehe 5 Mei 2023 Mahkama ya Juu iliyasimamisha mauaji, kisha ikakubali kuisikiliza rufaa. Na kwa kuwa Oklahoma yenyewe ilikataa kuitetea hukumu ya mahkama yake, majaji walilazimika kumteua wakili wa nje aje aitetee. Kesi ikasikilizwa Oktoba 2024, majaji wanane wakikaa, kwani Jaji Gorsuch hakushiriki. Februari 2025, kwa uamuzi ulioandikwa na Jaji Sotomayor, majaji watano walisema kwamba washitaki walijua ushahidi ule ni wa uwongo na hawakuusahihisha, na kwamba Glossip astahiki kesi mpya. Watatu hawakukubaliana nao; mmoja wao, Jaji Barrett, alitaka suala lirudishwe Oklahoma likaangaliwe huko. Mwezi wa Juni 2025 Mwanasheria Mkuu alitangaza kwamba atamshitaki tena kwa kuua, bila ya kutaka adhabu ya kifo.

Si haki kuliacha la jamaa wa marehemu. Wao waliieleza mahkama kwamba maandishi yale hayakuwa ungamo la mshitaki. Kwamba mshitaki alikuwa akiyanukuu tu maneno ya shahidi juu ya maswali aliyoulizwa na mawakili wa upande wa pili. Jaji Thomas, katika kupinga kwake, alilalamika kwamba wenziwe hawakuwasikiliza. Hoja hiyo ina uzito, nasi tungekuwa waongo kuificha. Lakini dawa yake ni nini? Ni kuwaleta wenye maandishi, wenye ushahidi na wenye kupinga mbele ya jaji na kuwahoji mchana kweupe, nako ndiko kulikokuwa kukiombwa. Jamaa wa marehemu nao walikwisha ngoja miaka 28. Waliowangojesha ni wale waliolifungia sanduku, wala si yule aliyeomba lifunguliwe.

Na iko khabari moja ya mtu huyu ambayo haitutoki moyoni. Tarehe 30 Septemba 2015 alikwisha tayarishwa kuchomwa sindano. Hakuokolewa na mahkama siku hiyo; Mahkama ya Juu ilikwisha kumkatalia. Aliokolewa kwa sababu dawa iliyoletwa siyo: walileta potasiamu asetati badala ya potasiamu kloridi. Lau chupa ingekuwa ni ile iliyotakiwa, sanduku la 2023 lingefunguliwa juu ya kaburi, au lisingefunguliwa kabisa.

Wasomaji wetu watauliza, sisi yatuhusu nini? Tuangalie basi kwetu. Kesi ya jinai iwe ya Bara au ya Visiwani, mwisho wake ni Mahkama ya Rufaa ya Tanzania. Baada ya hapo mtu amebakiwa na njia moja tu, kuiomba mahkama hiyo hiyo ipitie upya hukumu yake. Kanuni za mwaka 2009 zinataja sababu tano za kukubaliwa ombi hilo, na moja katika hizo, twashukuru, ni kwamba hukumu ilipatikana kwa hila au kwa ushahidi wa uwongo. Lakini kanuni hizo hizo zinasema ombi liletwe ndani ya siku 60. Nazo si siku 60 tangu uwongo kugunduliwa, kama ya Oklahoma, bali tangu siku ya hukumu. Uwongo ukifichuka mwaka wa tatu, yampasa mfungwa aombe kwanza kuongezewa muda na aoneshe sababu njema ya kuchelewa. Tena katika zile sababu tano, ushahidi mpya haukutajwa. Mtu akileta leo kipimo cha damu kinachoonesha kwamba siye, aeleze kwanza ni mlango gani anaoingilia.

Ulikuwapo mlango mwengine, Arusha, penye Mahkama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuwaruhusu watu wenyewe kuiendea. Wafungwa wengi walikwenda, wengine kwa barua walizoziandika wenyewe. Alex Thomas, aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa silaha, alikwenda, na tarehe 20 Novemba 2015 mahkama hiyo iliamua kwamba hakupata nafasi ya kujitetea inavyopasa wala hakupewa wakili. Mwezi wa Novemba 2019 Serikali ikaliondoa lile tamko, na tangu 22 Novemba 2020 mtu mwenyewe hawezi tena kupeleka malalamiko mapya huko moja kwa moja. Nchi iliyo mwenyeji wa mahkama imewafungia watu wake geti.

Wala hatuombi kitu kisichopata kuonekana pwani hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 50, inampa aliyetiwa hatiani haki ya kuiomba Mahkama Kuu kesi mpya ikiwa rufaa yake ilikataliwa na mahkama ya mwisho, au hata kama hakukata rufaa ndani ya muda wake, maadamu umepatikana ushahidi mpya na wenye nguvu. Haikutaja siku sitini.

Tunayoyataka ni machache. Ushahidi mpya utiwe katika kanuni kuwa ni sababu ya kupitia upya hukumu. Hesabu ya siku, pakiwa na uwongo au kufichwa kwa karatasi, ianze siku mambo hayo yalipojulikana. Mfungwa wa kifo au wa maisha apewe wakili kwa ombi hilo, na wakili huyo aoneshwe majalada ya polisi na ya washitaki yote. Tamko la Arusha lirudishwe. Kanuni za Mahkama ya Rufaa hutungwa kwa amri ya Jaji Mkuu, hazingojei Bunge. Kwa hiyo mawili ya mwanzo yanaweza kuanzwa kwa kalamu. Wanasheria mlio miongoni mwa wasomaji wetu, khasa nyinyi mnaoingia mbele ya Mahkama ya Rufaa kila inapokaa Unguja, twakuombeni mlianze hilo la siku 60, na mlipeleke kwa maandishi.